Warsha ya HROC kwa vijiji viwili vilivyokosana: tuanzie wapi?

katibu_amani
Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Kamati yetu ya amani iko Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Tuna vijiji viwili jirani ambavyo havijapatana sawasawa tangu machafuko ya 2006 hadi 2008 yaliyotokana na ugawaji wa ardhi. Watu wanasalimiana sokoni, lakini jembe hawaazimani. Kanisa la Marafiki, yaani Waquaker, limekubali kutupa wawezeshaji na ukumbi kwa siku 3. Tunasikia kuna AVP (Alternatives to Violence Project, mafunzo ya njia mbadala badala ya ukatili) na kuna HROC (Healing and Rebuilding Our Communities, warsha za kuponya na kujenga upya jamii). Ipi itangulie? Tualike watu wangapi, na akina nani? Huwa panaharibika wapi? Halafu kuna hili la posho: kanisa halitoi, na wazee wameshaanza kuuliza.

mto_kuywa
Ndugu katibu, hizo mbili ni za ukoo mmoja lakini kazi zao ni tofauti. AVP ilianza 1975 katika gereza la Green Haven, New York, wafungwa walipowaomba Waquaker msaada wa kuwafundisha vijana njia nyingine isiyo ya ngumi. Inafunza kusikiliza, kuzungumza bila kutweza, na kutafuta upenyo pale ugomvi unapopamba moto. HROC ilizaliwa 2003 Rwanda na Burundi, na yenyewe inaanza na kidonda: kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na mambo ya kutisha, msiba usioliliwa, hasira, kisha kuaminiana.

Kwenu ningeanza na HROC. Mtu ambaye usiku halali na anashtuka mlango ukigongwa hawezi kujifunza stadi ya mazungumzo, mwili wake bado uko vitani. AVP waleteeni vijana baadaye.

Washiriki wawe 20: kumi wa kijiji hiki, kumi wa kile. Wawezeshaji 3, na wasiwe wote wa lugha moja. Msikubali idadi ipande. Mkiwa 30 na kila mtu akapewa dakika 3, mzunguko mmoja tu unakula saa moja na nusu, na wale wanyonge ndio wanaokatizwa.

Orodha msimwachie chifu peke yake. Si kwamba ana nia mbaya, ila atawaita wale wale wanaozoea kukaa kwenye mikutano. Piteni nyumba kwa nyumba: wajane, vijana wa boda boda, waliowahi kubeba silaha, waliokimbia wakarudi. Kila mmoja mwendeeni mara mbili, na mara ya pili mmwambie wazi kwamba watu wa ng'ambo ile watakuwepo. Asiyeambiwa huondoka siku ya kwanza saa nne, na akiondoka hatoki peke yake. Na kwa warsha ya kwanza, msimweke mtu mduara mmoja na yule aliyemjeruhi yeye mwenyewe. Hilo lina wakati wake.

MamaTumaini
Naongezea kuhusu zile siku 3, kwa sababu mpangilio wake ukivurugwa mnaweza kuumiza watu.

Siku ya kwanza ni maafikiano ya kikundi, kusikilizana, kisha kiwewe: ni nini, huletwa na nini, na dalili zake. Siku ya pili ni kupoteza na kuomboleza, halafu hasira. Hii ndiyo nzito. Maombolezo yafanyeni asubuhi, si baada ya chakula cha mchana, ili ibaki nafasi ya mazoezi ya kupumua na nyimbo kabla ya watu kwenda zao. Kumfungua mtu moyo saa kumi na kumrudisha nyumbani saa kumi na moja ni kumtelekeza. Mwezeshaji mmoja asifundishe kabisa siku hiyo. Kazi yake ni kumfuata nje anayetoka analia.

Siku ya tatu ndiyo ya miti. Unganisheni karatasi kubwa mbili ukutani, mchore mti wa kutoaminiana: mizizi ni sababu, matunda ni matokeo. Kila mtu anaandika kwenye kikaratasi na kukibandika mwenyewe. Asiyejua kuandika achore, au amnong'oneze mwezeshaji. Hapa ndipo wengi hukosea: mzizi wa kwanza utakaobandikwa utasema "kabila", na kikundi kitaridhika. Msiuache hapo. Ulizeni, "Chini ya huu kuna nini?" Polepole vitatoka vikaratasi vingine: majina yaliyofutwa kwenye orodha ya mashamba, ahadi ya mwanasiasa, ng'ombe wasiorudi. Ndipo mchore wa pili, mti wa kuaminiana, na wa kwanza uachwe ukutani.

Kisha matembezi ya kuaminiana: wawili wawili, mmoja kila upande, mmoja amefungwa kitambaa machoni na mwenzake anamwongoza kwa mkono bila kusema neno. Dakika 10, halafu wabadilishane. Ipiteni njia hiyo kabla, muondoe mawe na seng'enge. Asiyetaka kufungwa macho asilazimishwe: huenda aliwahi kufungwa hivyo na watu wabaya.

katibu_amani
Asanteni sana, mama na ndugu. Swali moja linanikosesha raha: mtu akikiri kosa kubwa mle ndani, je?

nuru_ya_ndani
Semeni mapema, wakati wa kualika na tena asubuhi ya kwanza: huu mduara si mahakama na hautoi msamaha wa serikali. Kila mtu aeleze yaliyompata na anavyoyabeba. Anayetaka kutaja makosa ya jinai akashauriane kwanza na mtu wa sheria. Yanayosemwa hayatoki nje, lakini msiahidi kinga msiyo nayo.

Na msikubali warsha itumike kunyamazisha madai ya ardhi. Kwa Marafiki, amani na haki hazitenganishwi: mjane akiponywa usingizi wake na shamba likabaki mikononi mwa mwingine, amedhulumiwa mara ya pili. Mizizi ile ya ukutani inakilini ingali moto, mfike nayo ofisi ya ardhi, kamati ya pande zote mbili ikienda pamoja.

Wawezeshaji wasihubiri. Mnaanza na kimya kifupi kwa kuwa Waquaker wanaamini nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, na Mwislamu au Mkatoliki anaweza kukaa kwenye kimya hicho bila kuvuliwa imani yake. Viti vyote mduarani, hakuna meza kuu, hata chifu akija.

Posho: lipeni nauli halisi, chai na chakula cha mchana, na mtu wa kushika watoto wa kina mama wanaonyonyesha. Kiwango kiwe kimoja kwa wote na kitangazwe siku ya kualika. Mkimlipa mzee mmoja kwa siri, siku ya pili kumi wa kijiji kile wanajua.

Kabla hawajatawanyika siku ya tatu, pangeni tarehe ya kukutana tena baada ya mwezi mmoja, safari hii na familia zao. Iandikeni kwenye karatasi ya mti wa pili, chini, kwa maka nyekundu.