Kubadilisha PDF kuwa Word: steshenari, tovuti au kompyuta yako mwenyewe?

Mpangaji wa Nkuhungu: Habari za kazi, wakuu. Nina mkataba wa pango wa kurasa 11 ulio katika PDF, na mwenye nyumba ameniruhusu nirekebishe vipengele viwili kabla hatujasaini. Ndani yake mna namba yangu ya NIDA na akaunti ya benki. Je, niupeleke steshenari, niupakie kwenye tovuti ya bure, au nitafute programu?

Babu Faili: Steshenari ni rahisi, ila angalia nyaraka zinabaki wapi. Mwaka jana nilichapisha vyeti vyangu hapa mjini, na niliporudi kesho yake nikavikuta bado vipo kwenye kompyuta ile, pamoja na kitambulisho cha mtu nisiyemfahamu. Siku hizi nasimama kando ya kijana hadi afute faili, asafishe na pipa la taka, kisha aufute ujumbe wangu kwenye WhatsApp ya duka.

Dada wa Makole: Tovuti nazo hulipeleka faili kwenye seva, yaani kompyuta ya watu wengine; hata zikiahidi kulifuta baada ya saa chache, huna namna ya kuhakikisha. Mimi huzitumia kwa ratiba za kwaya tu. Ukiomba Word ukaletewa faili linaloishia na .exe, hiyo ni programu, si hati; usilifungue kabisa.

Fundi Ihumwa: Kwa mkataba wenye namba za benki, ufanyie kazi kwenye kompyuta yako. Word kuanzia toleo la 2013 hufungua PDF na kuigeuza yenyewe, ingawa majedwali huyumba. LibreOffice, programu nyingine inayofungua PDF, ni ya bure, na ukishaiweka haihitaji bando. Hata hivyo hukatakata aya mstari mmoja mmoja, jambo linalochosha kama marekebisho ni mengi. Kwanza jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, basi ukurasa huo ni picha iliyoskaniwa, nawe utahitaji programu ya kutambua maandishi.

Tena, usiifunike namba ya NIDA kwa kisanduku cheusi ukadhani umeificha, kwa kuwa mara nyingi tarakimu hubaki chini yake na yeyote anaweza kuzinakili. Zifute kwenye Word, ndipo utengeneze PDF mpya.

Mpangaji wa Nkuhungu: Ahsanteni. Neno limechagulika, nami nimetumia Word. Vipengele vimetoka vizuri, lakini katika jedwali la malipo kodi ya Julai imehamia Agosti, kwa hiyo nalichapa upya huku nakala ya awali nikiwa nimeifungua pembeni.