Vitabu vya kiada vya shahada Marekani: kununua, kukodi, kuazima au kutumia vya bure?

BintiMorogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi Agosti naanza mwaka wa kwanza wa shahada ya baiolojia katika chuo kikuu cha umma huko Texas. Ufadhili nilioupata unalipa ada na malazi, lakini vitabu havimo, na nyumbani anayenisaidia ni mama peke yake kwa biashara yake ya mchele. Muhula wa kwanza nina masomo manne: baiolojia, kemia, kalkulasi na uchumi. Duka la vitabu la chuo linaonyesha kwamba vyote vikiwa vipya vitafika dola 700 na ushee, fedha ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, kwa miezi minne tu ya masomo.

Kidato cha tano na cha sita nilisoma kwa vitini na kwa sura zilizodurufiwa stesheneri, kwa hiyo jambo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake kizima ni geni kwangu. Nimesikia habari za kununua vilivyotumika, kukodi kwa muhula, kuazima maktaba, na vitabu vya bure vya mtandaoni. Naomba waliopita njia hii wanilinganishie kwa uzoefu wao: ipi inaokoa fedha kweli, na ipi inaonekana rahisi mwanzoni halafu inakuja kugharimu baadaye?

MwanaHouston

Dada, hongera sana kwa kupata nafasi. Mimi niko mwaka wa nne wa uhandisi, na kabla ya kulinganisha bei naomba nikueleze kosa nililolifanya, kwa sababu lilinifundisha kwamba bei ya kitabu si jambo la kwanza la kuangalia. Muhula wangu wa kwanza nilinunua kitabu cha kemia kilichotumika kwa dola 60, wakati kipya kilikuwa zaidi ya 200, nami nikawapigia simu nyumbani kuwaeleza jinsi nilivyookoa. Wiki ya kwanza ya masomo mhadhiri akatangaza kwamba mazoezi yote ya nyumbani, yaliyobeba asilimia 20 ya alama, yangefanyika kwenye tovuti ya mchapishaji, na kuingia humo kulihitaji msimbo unaotumika mara moja tu. Msimbo wa kitabu changu ulikuwa umeshatumiwa na mwenye kitabu wa kwanza. Nikalazimika kununua msimbo mpya, ambao ndani yake tayari kulikuwa na kitabu kizima cha kielektroniki, na kile cha dola 60 kikabaki rafuni bila kazi.

Kwa hiyo waandikie wahadhiri wako wote wanne sasa hivi, kabla hujanunua chochote. Waulize kama msimbo unahitajika, kama toleo la nyuma linakubalika, na kama kitabu kitatumika kila wiki au ni cha rejea tu. Sheria ya elimu ya juu ya Marekani ya mwaka 2008, ambayo kifungu chake cha vitabu kilianza kutumika Julai 2010, inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vionyeshe ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, na bei ya kila kitabu kwenye ratiba ya masomo pale inapowezekana. Sheria hiyohiyo inawataka wachapishaji wanaouza kitabu na msimbo kwa pamoja wauze pia kila kimoja peke yake. Ukiambiwa msimbo unahitajika, ulizia bei ya msimbo pekee, na usitoe fedha siku ya kwanza, kwa maana tovuti nyingi za namna hiyo hukuruhusu kuingia bure kwa siku 14 za mwanzo.

Swali la toleo la nyuma ndilo lenye fedha nyingi zaidi. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza haijabadilika kwa muda mrefu sana. Kinachobadilika baina ya toleo na toleo ni mpangilio wa maswali na picha. Nilitumia toleo lililopitwa mara mbili, nikalipata kwa chini ya dola 15, na kila wiki nilikuwa nikipiga picha ukurasa wa maswali kutoka toleo jipya lililokuwa maktaba ili namba za maswali zisinichanganye.

Kukodi kunafaa kwa somo ambalo hutalirudia, kama uchumi kwako. Hakufai kwa baiolojia, kwa sababu kitabu hicho utakihitaji mpaka mwaka wa tatu, na kukodi mara mbili huweza kuzidi bei ya kununua kilichotumika. Angalia pia tarehe ya kurudisha: ukichelewa, unaweza kutozwa bei ya kitabu kizima. Na ushauri wa zamani wa kukodi vitabu vya karatasi Amazon usiufuate tena, kwani huduma hiyo ilifungwa mwaka 2023.

MwalimuMsaidizi_Kemia

Namuunga mkono MwanaHouston, ila naona vitabu huria, yaani vile vya bure vya mtandaoni, vimepitwa haraka, wakati kwa masomo manne ya dada huyu ndivyo vingekuwa vya kwanza kuangaliwa. Ninafundisha vipindi vya maabara ya kemia huku nikisomea uzamivu, na kila Agosti nawaona wanafunzi wakinunua kwa mamia ya dola kitu ambacho kinapatikana bure kwa halali kabisa.

OpenStax ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, hapohapo Houston, uliotoa vitabu vyake vya kwanza mwaka 2012. Una vitabu kamili vya baiolojia, kemia, misingi ya uchumi, na kalkulasi katika juzuu tatu. Vimeandikwa na kupitiwa na wahadhiri, vina mazoezi mwisho wa kila sura, na unaweza kuvishusha kwa muundo wa PDF ukavisoma hata pasipo intaneti. Anayependa karatasi anaweza kununua nakala iliyochapwa kwa bei ndogo ukilinganisha na vitabu vya kawaida. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kina maktaba ya mtandaoni ya vitabu huria iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 2012, na kwa kemia kuna LibreTexts, mradi uliozaliwa Chuo Kikuu cha California, Davis.

Wapo wanaodhani cha bure ni hafifu. Kwa hilo nitatoa mfano mmoja ambao kila nikiueleza darasani huwa naguswa. Profesa John McMurry ni mwandishi wa kitabu cha kemia ya kikaboni ambacho kwa miongo kadhaa kiliuzwa ghali katika vyuo vya nchi nyingi. Mwanawe Peter alifariki mwaka 2019 kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu, na kwa kumkumbuka, baba akaamua toleo la kumi litolewe kupitia OpenStax. Tangu mwaka 2023 yeyote analisoma bure. Dada, kemia hiyo utaisoma mwaka wa pili, nawe utaikuta inakusubiri.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, nao ni mkubwa: haiondoi msimbo. Mhadhiri akishaamua kwamba alama za mazoezi zitatoka kwenye tovuti ya mchapishaji, kitabu huria kitakusaidia kuelewa somo lakini hakitakupatia alama hizo. Ndiyo maana inafaa uangalie kabla ya kuchagua kikundi cha somo. Texas ina sheria ya mwaka 2017 inayovitaka vyuo vionyeshe kwenye ratiba masomo yanayotumia vitabu huria pekee. Somo moja la kemia huweza kufundishwa na wahadhiri watatu muhula mmoja, na mmoja wao akawa hatozi chochote cha vitabu.

MkutubiWaJioni

Habari zenu. Mimi natoka Kisumu, nasoma katika jimbo la Ohio, na kazi yangu ya chuoni, zile saa 20 kwa wiki tunazoruhusiwa wenye viza ya mwanafunzi wakati wa masomo, naifanya katika dawati la maktaba. Wageni kutoka kwetu huja kwangu mara nyingi mwezi wa pili wa muhula, fedha zikiwa zimeshatumika, na huwa nasikitika kwamba hawakuja wiki ya kwanza.

Maktaba inatoa njia tatu zinazotofautiana sana. Kuna rafu ya vitabu vya masomo iliyo nyuma ya dawati, ambapo kitabu huazimwa kwa saa mbili au tatu na mara nyingi hakitoki nje ya jengo. Njia hii ni bure na ya uhakika, isipokuwa wiki ya mtihani, wakati watu thelathini wanapokitaka kitabu kimoja. Anayeitegemea lazima ajipangie muda wake, kwa mfano asubuhi za Jumamosi, kwa kuwa saa hizo huwa tulivu.

Njia ya pili ni maktaba yetu kukuombea kitabu kutoka maktaba nyingine. Vyuo vingi havimtozi mwanafunzi chochote kwa huduma hii, na katika WorldCat, orodha ya mtandaoni ya vitabu vya maktaba nyingi, unaweza kuona mwenyewe ni maktaba zipi zenye kitabu unachokitafuta. Hata hivyo nisikufiche: maktaba nyingi hukataa maombi ya vitabu vya kiada vya muhula huo, na kinachokubaliwa huja kwa wiki chache tu, kisha anayemiliki anaweza kukidai kabla ya muda. Kwa toleo la nyuma, ambalo hakuna anayeligombania, maombi hupita kwa urahisi zaidi. Njia ya tatu ni vitabu vya kielektroniki vya maktaba, na hapa uangalie leseni, kwani vingine husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, ilhali vingine vinafunguka kwa chuo kizima na kila mtu anaweza kushusha sura zake.

Kitu ambacho sijakiona hapo juu ni ule utaratibu ambao chuo hukuwekea kitabu cha kielektroniki moja kwa moja na kukikata kwenye akaunti yako ya ada. Wizara ya Elimu ya Marekani iliuruhusu kwa kanuni za mwaka 2016, kwa sharti kwamba bei iwe chini ya ile ya soko na mwanafunzi apewe njia ya kujitoa. Wengi hawajui kwamba wanaweza kujitoa. Kagua bili yako mara tu inapotoka. Ukiona mstari wa vitabu, linganisha bei hiyo na ya njia nyingine, na kama hukihitaji, jitoe kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi ni wiki ya pili au ya tatu ya muhula.

MkaaPune

Salaam kutoka India. Huku vitabu vilevile vya Marekani huchapwa kwa toleo la Bara Hindi, karatasi nyepesi, jalada laini, na bei ambayo mara nyingi haifiki hata robo ya ile ya kule. Dada, kama una ndugu au rafiki anayesoma India, anaweza kukununulia kabla hujasafiri. Mimi mwenyewe nilimpelekea binamu yangu kitabu cha baiolojia alipokuwa anakwenda Kanada.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Mpangilio wa sura na maswali hutofautiana wakati mwingine, na vitabu vya sayansi ni vizito, hivyo gharama ya posta ikijumlishwa unaweza kukuta hukuokoa kitu. Njia hii ina faida pale tu mtu anaposafiri navyo.

BintiMorogoro

Asanteni mno, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Kaka wa Pune, kaka yangu mkubwa yuko Bengaluru na anarudi likizo mwezi Julai, kwa hiyo njia hiyo inawezekana. Hofu yangu ni sheria. Nimeona picha ya kitabu hicho na kwenye jalada kimeandikwa kwamba hakiruhusiwi kuuzwa nje ya India na nchi jirani zake. Je, nitapata matatizo nikiingia nacho Marekani?

MwanaHouston

Hutapata. Suala hili lilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Supap Kirtsaeng, kijana wa Thailand aliyekwenda Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1997, aliwaomba ndugu zake wamnunulie vitabu nyumbani na kumtumia, naye akaviuza Marekani. Kampuni ya John Wiley & Sons ikamshtaki. Tarehe 19 Machi 2013 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba aliyenunua kitabu kilichochapwa kihalali, hata kama kimechapwa nje ya Marekani, ana haki ya kukiingiza na kukiuza tena. Wewe unakwenda nacho kusoma tu, hivyo usiwe na wasiwasi. Sharti ni kiwe halisi cha mchapishaji, kisiwe kopi iliyofungwa vizuri ikafanana na kitabu.

KijanaWaMunich

Naongeza kwa ufupi kwa ajili ya wanaofikiria Ujerumani. Huku vitabu vipya vya Kijerumani vina bei moja kisheria katika maduka yote, kwa hiyo kuzunguka kutafuta punguzo ni kupoteza muda. Maktaba za vyuo, hata hivyo, huwa na mkusanyo maalumu wa vitabu vya kiada, nakala nyingi za kitabu kimoja, na unaviazima kwa wiki kadhaa na kuongeza muda kama hakuna aliyeviomba. Kuagiza kitabu kutoka maktaba ya mji mwingine kwa kawaida ni euro 1.50. Miaka miwili sasa nimenunua kitabu kimoja tu.

BintiMorogoro

Ndugu zangu, narudi na majibu. Wahadhiri watatu wamenijibu ndani ya wiki moja. Wa kalkulasi anatumia OpenStax, ingawa duka la chuo lilinionyesha kitabu kingine kwa sababu ratiba ya mwaka jana haikuwa imebadilishwa. Wa baiolojia amekubali toleo la nyuma, na kaka ameshalipata Bengaluru. Wa kemia anataka msimbo, basi nitanunua msimbo pekee baada ya zile siku 14, na hicho kitabu cha kielektroniki kilichomo kitanitosha. Kwa hesabu hii nitatumia takriban dola 130 badala ya 700. Mama nimemweleza jana usiku, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Bado wa uchumi hajajibu, na kwenye bili yangu kuna mstari wa dola 58 ambao sikuuelewa mpaka niliposoma maelezo ya MkutubiWaJioni.

MkutubiWaJioni

Huo ndio wenyewe. Usijitoe kwanza kabla mhadhiri hajakujibu, kwa sababu huenda msimbo wa mazoezi umo ndani ya hizo dola 58, na kuununua nje ukawa ghali zaidi. Tafuta tarehe ya mwisho ya kujitoa, iandike kwenye simu yako, na akikaa kimya mpaka zimebaki siku tatu, mfuate ofisini kwake saa zake za kupokea wanafunzi.