Uwanja mpya wa Yanga: tubaki Jangwani au tutoke bondeni? Naomba ushauri

MwanaMagomeni
Habari zenu wakuu. Jumamosi tuna kikao cha tawi, na nimepewa nafasi ya kusema uwanja wetu ujengwe wapi. Moyo wangu uko Jangwani, hapo bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yalipo makao makuu ya klabu. Baba alikuwa akinipeleka mazoezini pale uwanja wa Kaunda, nyuma ya jengo la klabu, na mpaka leo nikipita Mtaa wa Twiga lazima nisimame kidogo. Lakini Desemba 2011 nilikuwepo mto Msimbazi ulipofurika. Niliona watu juu ya mapaa. Nikisema tuhame, wazee wataniona nimewasaliti. Nishaurini.

Fundi_Udongo
Mkuu, tatizo ni maji. Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, unapokea mvua ya sehemu kubwa ya jiji, na yote yanabanwa Jangwani kabla ya kufika baharini pale daraja la Salenda. Mchanga nao umejaa mtoni, kina hakipo. Kuna watakaosema tumwage kifusi tuinue kiwanja. Sawa, uwanja utabaki mkavu, ila maji yatatafuta pa kwenda, nayo yatakwenda kwa jirani. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa bondeni hapohapo na kila mtu anajua ilivyozama. Kujenga kunawezekana, nguzo zikishuka chini sana, lakini hela nyingi itaishia ardhini kabla hujaona kiti hata kimoja. Kabla ya yote, tazameni ramani ya mradi wa Bonde la Msimbazi: eneo lenu limepangiwa nini?

MamaLishe_Temeke
Mie nauliza kurudi nyumbani. Uwanja wa Chamazi, kule Mbagala, mechi ya usiku ikiisha, wanangu wanagombania daladala mpaka saa sita. Jangwani mtu anashuka kituo cha Fire au Magomeni Mapipa, anatembea. Msituhamishie uwanja porini kwa sababu tu kiwanja ni rahisi. Nauza chakula jirani na Uwanja wa Mkapa, nauona umati unavyotoka. Bila usafiri ni hatari, hasa kwa wanawake na watoto.

Mnyama_Sinza
Mimi ni Simba, ila hili ni la jiji zima. Tangu 2007 timu zote mbili tunabanana Mkapa, na ukifungwa kwa ukarabati tunahangaika. Ushauri wangu: msiwaze watu 60,000. Dabi, mechi ya Simba na Yanga, itabaki Mkapa. Jengeni wa kutosha mechi za kawaida, hapo hata eneo dogo ndani ya mji litawafaa.

Fundi_Udongo
Naongeza moja. Baada ya mafuriko yale ya 2011, watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, wakaambiwa bondeni si mahali pa kuishi. Leo tukimwaga zege palepale, tutawatazamaje?

MwanaMagomeni
Mkuu, umenigusa. Shangazi yangu ni mmoja wao. Aliacha nyumba ya vyumba vinne.
Nimeamua. Nitaomba makao makuu na Kaunda vibaki Jangwani kwa mazoezi ya watoto, uwanja wa mechi utafutiwe sehemu ya juu kandokando ya njia ya mwendokasi, Kimara au Mbagala. Na kabla ya kupiga kura tuletewe mpimaji atueleze maji ya 2011 yalifika wapi kwenye ukuta wa jengo la klabu. Wazee wa tawi nitawapitia mmojammoja kesho jioni, nisiwashtukize kikaoni.