MJADALA: Pikapu mpya, unaifungia vikorombwezo siku ya kwanza au unaiacha kwanza inyeshewe?

Mleta mada, Nyegezi

Mwangaluka wadau. Baada ya miaka minne ya kudunduliza nimetoka na Hilux dabo kebini, dizeli ya lita 2.8, zero kilomita. Ina wiki mbili, siti bado zina nailoni na nikiulizwa kwa nini sizitoi nakasirika.

Kazi yangu ni kuuza na kufunga pampu za maji. Nazunguka mkoa huu wa Mwanza: Misungwi, Kwimba, Magu, na mara mojamoja Ukerewe kwa kivuko cha Kisorya. Fundi nimeshampa advansi. Jumamosi anainua gari inchi 2, anavua tairi za 265/65 R17 zilizokuja nalo na kuweka za matope 285/70, kisha anafunga mkonga (lile bomba la injini kuvutia hewa usawa wa paa), bampa la chuma lenye winchi (mashine ya waya ya kujivutia ukikwama), na baa ya taa juu ya paa. Vuli inakuja, na mnajua udongo wa mbuga ukilowa unavyokuwa.

Mama watoto ameuliza swali moja tu: "Limeshakukwamisha wapi?" Nikamwambia nitawauliza wanaume wenzangu.

Msimamo wangu ni huu: vyote vifungwe sasa, pesa ikiwa bado ipo, kabla ada ya Januari haijapita nayo. Anayepinga aje na hoja.

Fundi, Mabatini

Mimi nakula kwa kazi hizo, kwa hiyo ninachosema hapa kinanitoa mkate mdomoni. Usiinue.

Kuna kitu wateja wengi hawakijui mpaka wawe wameshalipa. Ukiinua springi unapandisha bodi na chesisi. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, inabaki palepale, kwa sababu imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye tairi. Kule mbuga linalokwama ni difu. Kinachoipandisha ni tairi tu, na hapo unapata nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Kutoka 265/65 kwenda 265/70 ni milimita 13. Kwenda 285/70 unayoitaka ni kama 27, lakini hiyo ukikata kona inasugua bodi, itabidi tukate plastiki, na wengine tunagonga mpaka bati la ndani. Gari la wiki mbili!

Halafu springi. Atakayekuuzia atakuuliza: gari linatembea tupu au na mzigo, kilo ngapi, kila siku au mara moja kwa wiki? Wewe hujui, ndiyo kwanza unalo wiki mbili. Ukifunga za mzigo mzito na unatembea tupu, nyuma itarukaruka kwenye barabara ya vumbi hadi ikuvute mtaroni. Ukifunga laini, pampu zitalikalisha chini kama mbwa. Endesha miezi sita, andika unachobeba, halafu rudi gereji. Hata kwangu karibu.

Kijana wa Nera

Fundi umezeeka. Mtu amenunua gari lake, pesa zake, mnampangia. Mbona hamuulizi aliyejenga ghorofa kwa nini ameweka vioo vya bluu? Mwanza hii ukipita na Hilux iliyoshuka chini hata bajaji haikupishi. Fanya yote mkuu, siku ya kwanza, gari lipendeze likiwa bado jipya. Ukisubiri litachubuka, utakosa hamu, na pesa utakuwa umeshamkopesha shemeji.

(Hilo la shemeji nalijua vizuri.)

Muuza dagaa, Mwaloni Kirumba

Aliyewaita "wanaume wenzangu" anisamehe, mimi nina pikapu ya tatu sasa na zote nimezilipa kwa dagaa.

Baba, tupige hesabu. Gari lako linabeba kama tani moja, na hiyo tani ni pamoja na watu. Bampa la chuma, weka kilo 60. Winchi na waya wake, 40. Tairi za matope ni nzito, tano zote zinaongeza kama 40. Baa ya taa na keria ya kuishikilia, 30. Hapo ni 170 na hujapakia kitu. Wewe na mafundi wako wanne, kila mmoja kilo 75, ni 375. Jumla 545. Kwenye tani yako imebaki 455, na pampu zako na mabomba unayajua uzito wake.

Msiniambie mizani ya Usagara itakwambia. Ile sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Hilux haifiki huko, inapita pembeni huku inasalimia. Kwa hiyo hakuna wa kukusimamisha. Utakuja kujua siku breki zinachelewa kushika.

Mimi nilichofanya siku ya kwanza ni kimoja: karai la nyuma, pale pa kupakia mzigo, nililivisha plastiki ngumu kabla halijaona tenga hata moja. Maji ya samaki na barafu yanakula bati kuliko mvua. Kitu kama hicho ukisubiri umechelewa. Mengine gari lenyewe liliniomba, moja baada ya jingine, na mengine halijaniomba mpaka leo.

Mfugaji, Magu

Napingana na wanaosema subiri. Mimi nilisubiri. Mwezi wa tatu, saa moja jioni, ng'ombe wa jirani akakatiza barabara ya Musoma. Bampa la plastiki, grili, rejeta, kondensa ya AC, vyote kwa ng'ombe mmoja, na ng'ombe nikalipa pia. Gari lilikaa wiki tano likisubiri spea. Bampa la chuma lingenigharimu pesa kidogo kuliko hapo. Usukumani mifugo ni mingi kuliko magari, bampa si urembo.

Fundi, Mabatini

Pole ndugu wa Magu, na hoja yako ina uzito. Lakini ng'ombe wa kilo 300 ukimgonga na spidi 80, lile chuma halimezi pigo, linalipeleka kwenye chesisi, na chesisi ikipinda huna gari. Bampa likiwa la kuchomelea mtaani, eabegi nazo zinaweza kuchelewa au kufumuka bila sababu, maana sensa zake zimepimwa kwa bampa la kiwandani. Kama ni lazima, tafuta lililotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyohiyo yenye eabegi. Ni ghali. Hilo nakubali lifungwe mapema, kwa mtu wa njia yako.

Dereva, Sengerema

Mnabishana kama tuko mwaka 1985. Mimi nilikuwa napanga foleni ya kivuko Kigongo hadi chai inapoa mara mbili. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, navuka zile kilomita tatu kabla wimbo haujaisha. Lami tupu hadi Geita. Mleta mada aseme ukweli: kwa mwezi, kilomita ngapi ni lami na ngapi ni tope? Tairi za matope kwenye lami zinavuma kama mashine ya kusaga, zinakunywa dizeli, kwenye lami yenye maji zinateleza, na kashata (meno ya tairi) zinaisha upesi. Utalipia tope la siku tatu kwa mwaka mzima.

Winchi nayo inahitaji kitu cha kufungia waya. Pale katikati ya mbuga ya Kwimba, mti uko wapi? Jozi ya maksai itakutoa, na mwenye maksai anataka elfu kumi tu na salamu.

Mleta mada, Nyegezi

Dereva, nimechukua daftari. Wiki hizi mbili: kilomita 1,140, vumbi na changarawe 290, tope sifuri kwa sababu ni kiangazi. Lakini ndiyo hoja yangu! Nisubiri nikwame ndipo nijue?

Dereva, Sengerema

Ndiyo. Kwama mara moja. Ukikwama utajua kilichokukwamisha: tairi, difu, au dereva. Mara nyingi ni huyo wa tatu. Je, umewahi kupunguza upepo? Ukiingia kwenye mchanga au tope laini shusha hadi psi 20, tairi inatanuka chini kama wayo wa ngamia, utashangaa gari lilelile linapita. Ukifika lami ujaze tena, kwa hiyo nunua kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Na kamba ya kuvutia ifunge kwenye kulabu iliyoshikwa na chesisi, usifunge kamwe kwenye lile gololi la kuvutia trela. Likikatika linaruka kama risasi, limeshaua watu.

Kijana wa Nera

Mkonga je? Huo nao mnaupinga? Mto Mirongo ukifurika Mabatini pale nani atacheka?

Fundi, Mabatini

Mkonga siupingi, naupinga uongo unaouzwa nao. Hilux kiwandani wanasema ipite maji ya kina cha milimita 700, hiyo ni juu ya magoti, bila mkonga wowote. Ukiweka mkonga injini inavuta hewa juu, sawa. Lakini pumzi za difu na giaboksi (vitundu vyake vya kupumulia) ziko palepale, altaneta iko palepale, na gari likianza kuelea hakuna mkonga utakaolishikilia. Mirongo ikifurika, paki gari na upande juu kwenye mawe na wenzako.

Faida yake kwa njia za mleta mada ni vumbi. Ukifuatana na lori kiangazi, hewa ya usawa wa paa ni safi kuliko ya usawa wa taa, filta inadumu. Kwa hilo peke yake ningeufunga. Ila kuna kutoboa fenda ya gari jipya, na hilo tundu halirudi.

Wakala wa bima, mjini kati

Jambo moja kavu. Ukiwa na bima kubwa, mabadiliko yote yaandikie kampuni yako kabla hujatoka gereji, na thamani yake iongezwe. Siku ya ajali mkaguzi atakuta gari tofauti na lile lililo kwenye fomu, na mabishano yataanzia hapo. Dhamana ya muuzaji nayo isome kabla ya Jumamosi: mara nyingi kinachofungwa na muuzaji mwenyewe hubaki ndani yake, kinachofungwa mtaani kikiharibu kitu, unajitegemea. Kwa maana hiyo asiyetaka kusubiri angeagiza vitu vyake wakati ananunua gari. Wiki ya pili ndiyo wakati mbaya kuliko yote, si mapema wala si baadaye.

Bodaboda, Igoma

Nimesoma yote, kila mtu anazungumzia gari lake. Sisi tulio mbele ya hayo magari hatumo.

Usiku Igoma hadi Kisesa, pikapu iliyoinuliwa inakuja na baa ya taa juu ya paa. Sioni barabara, sioni shimo, sioni mama aliyebeba ndoo pembeni. Hata taa zake za kawaida zinanichoma, maana limeinuliwa na hakuna aliyezishusha upya. Mwezi uliopita niliingia mtaroni na abiria kwa ajili ya taa kama hiyo. Mwenye gari hakusimama, labda hata hakuniona, yeye alikuwa anaona mbali sana.

Na hilo bampa la chuma la kuzuia ng'ombe, mtoto akikatiza je? Plastiki inabonyea. Chuma hakibonyei. Mnauliza lini mfunge. Mimi nauliza kwa nini afunge mtu ambaye kila jioni analala Nyegezi.

Mfugaji, Magu

Kijana, hilo la mtoto sikuwahi kuliwaza. Lakini bado nalala Magu, na ng'ombe bado wapo.

Kijana wa Nera

Baa ya taa si unaizima ukiona mtu anakuja.

Bodaboda, Igoma

Wanazima wangapi?

Muuza dagaa, Mwaloni Kirumba

Hapo amewapata. Na niongeze kuhusu tairi: ukiweka 285/70, mzunguko unakuwa mkubwa kwa asilimia 7. Mshale ukionyesha 50 wewe uko 53. Trafiki wenye tochi ya spidi pale Usagara hawapokei hesabu za kipenyo, wanapokea elfu thelathini.

Fundi, Mabatini

Mama, kwa haki, spidomita za kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo sehemu ya hiyo tofauti inamezwa. Lakini nguvu ya gia ya kwanza inapungua, na breki zinasimamisha gurudumu zito zaidi. Hilo halimezwi.

Mleta mada, Nyegezi

Nimeongea na fundi wangu. Advansi hairudi, amesema wazi, pesa ameshanunulia bati la nyumba. Tumekubaliana aigeuze: Jumamosi anafunga bamba la kukinga injini chini, anavisha karai plastiki kama alivyosema mama wa Mwaloni, na ananipa kompresa. Bampa nimeulizia bei ya lile la modeli yenye eabegi na nimekaa chini. Bado nafikiria. Mkonga nao bado, nitaona filta itakavyokuwa kufikia Novemba. Kuinua na 285 nimeacha hadi masika yapite. Ikifika Juni sijakwama hata mara moja nitakuja hapa kuwaambia, na nikikwama pia nitakuja, ila msicheke.

Baa ya taa nilikuwa nimeshainunua. Iko kwenye boksi.

Bodaboda, Igoma

Iuze kwa mvuvi wa dagaa. Ziwani usiku ndiko inakotakiwa.

Muuza dagaa, Mwaloni Kirumba

Ni bei gani?