Spika sita nimelipia, zinazolia mbili: nani alipanga sauti ya Linux hivi?

Wakuu, leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Nina spika za 5.1 (tano na sabufa moja) za waya tatu, zile za kawaida. Kompyuta ina Ubuntu 22.04, aina ya Linux, na nyuma ina matundu matatu tu: kijani, bluu na pinki. Kwenye Windows, mashine hiyohiyo, sebule nzima inatetemeka. Kwenye Linux zinaongea mbili za mbele, sabufa imekaa pale kama stuli.

Kinachoniudhi zaidi ni uongo. Kwenye mipangilio ya sauti nimechagua Surround 5.1, imekubali bila kinyongo. Nikibonyeza jaribio la spika ya nyuma: kimya. Hakuna onyo, hakuna kosa, hakuna chochote.

Nikiuliza naambiwa "hama distro" (yaani aina ya Linux), "weka PipeWire" (programu nyingine ya kusimamia sauti). PipeWire ipi, ndugu zangu? Nayo si inapitia ALSA ileile chini, sehemu ya Linux inayoongea na kadi ya sauti? Na yule wa "nunua kadi ya USB" atume hela.

Dawa ilikuwa imefukiwa kwenye alsamixer, programu ya terminal ya kurekebisha mipangilio ya ALSA. Ukiifungua unaona mstari mmoja tu wa sauti. Mpaka ubonyeze F6, uchague kadi yenyewe, ndipo kinajitokeza kitu kinaitwa Channel Mode. Kiko 2ch, yaani chaneli mbili! Maana yake tundu la bluu bado ni la kuingizia sauti na la pinki bado ni la maiki, hata kama juu umeandikiwa 5.1. Nimeweka 6ch, spika za nyuma zikaamka papo hapo. Sasa kwa nini mipangilio ya juu isibadilishe hiki kitu yenyewe, au basi iseme?

Sabufa nayo ina kesi yake. Muziki wa stereo hauipelekei kitu mpaka uandike enable-lfe-remixing = yes kwenye daemon.conf, faili la mipangilio la PulseAudio (programu inayosimamia sauti kwenye Ubuntu hii), kisha uiwashe upya kwa pulseaudio -k. Mzee wangu anayetaka kusikiliza taarabu tu ataijuaje hiyo?

Na bado sijamaliza. Tundu la pinki sasa ni la spika ya kati na sabufa, kwa hiyo maiki sina, na matundu ya mbele ya kasha la kompyuta yalishakufa. Kila nikitaka kuingia kikao cha mtandaoni narudi 2ch kwa mkono. Kuna aliyefanikiwa kulipindua hili kwa hdajackretask, programu ya kubadilisha kazi za matundu? Aweke hatua hapa. Wa "mbona kwangu inafanya kazi" wapite tu.