Ushauri wa haraka: nimeletewa sarafu ya dhahabu ya malkia wa Kirumi, nichukue?

Mzigo_Kkoo: Wakuu habari zenu, niko Istanbul huku Laleli nafunga mzigo wa nguo, keshokutwa narudi Dar. Sasa kuna jamaa huwa anatuletea chai dukani, leo kanitolea sarafu kwenye leso, eti mjomba wake kaiokota akilima shamba. Upande mmoja mwanamke kavaa lulu kichwani mpaka shingoni, juu ya kichwa kuna mkono unamvisha taji, maandishi AEL PVLCHERIA AVG. Nyuma kuna msalaba ndani ya shada la majani, chini CONOB. Kwenye mzani wake gramu 4.4. Anataka dola 900, kwa sonara hataki twende. Nichukue ama?

kipepeo88: Hataki sonara na bado unauliza 😂

Babu_Sarafu: Mkuu tulia kwanza. Pulcheria ni wa kweli kabisa, dada yake kaisari Theodosius II, mwaka 414 akiwa binti wa miaka 15 tu akapewa cheo cha Augusta, yaani malkia (ndiyo hiyo AVG), akaapa haolewi, mdogo wake alipokufa 450 akaolewa na Marcian ili huyo awe kaisari, na inasemekana hata hapo kiapo hakuvunja. Sarafu zake za dhahabu zipo, ila hiyo yako imechanganywa. Ule mkono ni wa Mungu, unakaa kwenye solidus, ile kubwa, ratili moja ya Kirumi ilitoa 72 ndo maana inakuja kama gramu 4.5, na nyuma yake kwa kawaida anakuwepo malaika wa ushindi, kakaa na ngao au kasimama na msalaba mrefu. Msalaba ndani ya shada ni mgongo wa tremissis, ile thuluthi ya solidus, gramu 1.5 hivi, kadogo kama kifungo cha shati. Wewe umeuziwa uso wa mama na mgongo wa mtoto.

Mzigo_Kkoo: Duh. Na CONOB je?

Babu_Sarafu: CON ni Constantinople, hapo hapo ulipo mkuu, OB ni dhahabu iliyosafishwa. Hata feki wanaiandika, haigharimu kitu.

mama_Naima: Mdogo wangu mimi niko huku mwaka wa saba. Tuseme ingekuwa orijino, ndo balaa zaidi, Uturuki kitu cha kale kilichookotwa ardhini ni mali ya serikali, ukikamatwa nacho airport unatoka nacho nje ya nchi unaweza kufungwa jela. Funga nguo zako uende nyumbani.

Mzigo_Kkoo: Nimemuuliza kwa nini mkono uko na huo msalaba, kaniangalia weee, kashuka mpaka dola 150.

kipepeo88: Kesho atakupa bure na chai