Miezi minne ya mazoezi imetupwa: kikundi chetu Mbeya kimeua mchezo mpya na kurudia kitabu kilekile

Wakuu, salamu. Nina hasira na sitazificha. Mimi ni mkumbushaji wa kikundi cha maigizo hapa Mbeya, yule anayekaa pembeni ya jukwaa na muswada mapajani, mwigizaji akisahau ananong'onezewa. Jina la kikundi naliacha. Wenyewe wakisoma watajijua.

Tangu Februari tulikuwa kwenye mazoezi ya mchezo mpya. Ameutunga mwenzetu, kijana wa Isyonje, na unahusu lumbesa. Kwa msiotoka huku: mkulima anajaza gunia la viazi, mnunuzi anataka juu yake paongezwe mlima mzima unaoshikiliwa kwa wavu na kamba, halafu bei inabaki ya gunia moja. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila mtu barabara ya Tukuyu anajua gunia linapita na ngapi. Kwenye mchezo mama mmoja anakataa kushonewa lumbesa. Lori linageuza. Viazi vinabaki barazani vinaoza, na majirani waliompigia makofi jana ndio wanaomnunia leo. Hakuna anayesimama mwisho kutoa hotuba. Mtazamaji anaondoka na lile gunia kichwani mwake.

Wiki tatu za kwanza hatukusimama hata kidogo, tulikaa mezani tunasoma. Halafu nafasi zikagawiwa, tukaanza kupanga mienendo kwenye darasa la kuazima, jioni, na baridi ya Mbeya mnaijua inavyoingia ilipofika Mei. Onyesho la pili lilitushinda kabisa. Kijana anayecheza mshonaji wa magunia alikuwa anashika kamba kama mtu anayefunga viatu. Siku moja bibi anayeuza viazi nje ya pale alisimama mlangoni kutazama, akashindwa kuvumilia.

"Wanangu, hilo gunia litapasuka hata Uyole halijafika."

Akavua kandambili, akaomba ashikwe mkono, akapanda juu ya gunia. Akakanyaga kwa kisigino, kona hadi kona, akateremka, akadai sindano. Wakati wote anashona hakutazama mikono yake hata mara moja. Alikuwa anamtazama aliyecheza mnunuzi, usoni. Mwongozaji akasimamisha kila kitu akasema, "Shikamoo bibi, rudia tena hapo." Tangu siku hiyo onyesho la pili lilikuwa linatunyamazisha hata sisi tunaolijua kwa moyo. Hivyo ndivyo mchezo mpya unavyopatikana. Haupatikani kwa kuchapa karatasi na kugawa.

Jumanne iliyopita, zikiwa zimebaki siku tisa tufungue, mwenyekiti akatuita. Akasema mchezo mpya umesogezwa. Tukauliza umesogezwa hadi lini. Akasema hadi hapo itakapoonekana inafaa. Shule mbili zimeomba Ngoswe, tamthilia wanayoisoma kwa ajili ya mtihani, zinaleta wanafunzi kwa mabasi na zinalipa kabla. Nikamwambia, mwenyekiti, tumefanya kazi miezi minne. Akanijibu, "Dada yangu, mchezo wa lumbesa nani anaujua?"

Sasa utajulikanaje kama haupandi jukwaani?

Msinielewe vibaya kuhusu Ngoswe. Nawapa heshima zote Edwin Semzaba na kazi yake. Kitabu kilitoka 1988, mwaka uleule wa sensa, kinahusu karani anayetumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona binti Mazoea, kazi ya serikali inaishia hapo. Ni mchezo wenye nguvu. Agosti 2022, makarani walipokuwa wanapita mlango kwa mlango nchi nzima, niliwaomba viongozi tuufufue wiki hiyohiyo, uwanjani, bure hata. Watu wangeutazama wakiwa wametoka kuhesabiwa. Nikaambiwa shule zimefungwa kwa ajili ya sensa, wateja hakuna. Yaani mwaka ambao mchezo ulikuwa unaongea na kila nyumba ndio mwaka tuliouacha stoo.

Na tunaurudia vipi? Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana mimi ndiye ninayeshika muswada na naona kalamu nyekundu inapopita. Umekatwa ili ubaki dakika 45, walimu wapate muda wa kuuliza dhamira na wahusika. Mara ya mwisho walikata hata pale karatasi za sensa zinapochomwa. Wakuu, mchezo wote unaelekea hapo! Kila alichoandika yule karani, kila kaya, inakuwa majivu. Wakasema moto ni hatari ukumbini. Sawa, ni hatari kweli. Lakini taa moja yenye karatasi nyekundu, kapu, na mwigizaji anayejua kutupa karatasi mojamoja huku akizitazama, ingetosha. Badala yake msimulizi alitoka akasema, "Basi karatasi zote zikaungua," akarudi nyuma ya pazia. Watoto wakacheka. Nilikuwa pembeni pale na muswada wangu, hakuna aliyesahau mstari, na nilitamani kulia.

Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ni yaleyale tangu nilipojiunga, shati la karani limefifia mpaka haliwezi kuwa la mtu aliyetoka mjini kujitapa. Hakuna usomaji wa mezani tena. "Wote mnaujua," tunaambiwa, tunakutana siku mbili kabla, tunapita mistari kama tunasoma tangazo. Hicho si kufufua mchezo. Kufufua ni kuufungua upya na kujiuliza mtu wa Mwanjelwa leo atausikia wapi mwilini mwake.

Kuna mambo ya kufufua yamejaa hapa kwetu. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969. Watu wanaitazama kama habari ya Wamatumbi huko Kusini. Lakini Vita vya Maji Maji vilifika Ubena, na mwaka 1905 misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa na watu walioamini yale maji ya dawa ya kuzuia risasi. Tulikwenda Njombe mwaka jana. Njombe! Tukacheza nini? Kitabu cha mtihani, kilichokatwa, tukala wali, tukapanda gari.

Najua majibu yatakayokuja. Mtaniambia kikundi kinahitaji hela. Nakubali, nami nina kodi ya chumba. Shule zicheze asubuhi, zilipe, hela hiyo ibebe Jumamosi moja jioni ya mchezo mpya. Ukumbi umeshalipiwa siku nzima! Hata hilo lilipendekezwa na mwongozaji kwenye kikao, likapigwa chini bila kujadiliwa, kwa sababu viongozi wawili wanaogopa wafanyabiashara wa viazi wanaochangia mafuta ya gari. Hilo halikusemwa kikaoni. Lilisemwa nje, kwenye kona, na nimelisikia kwa masikio yangu. Kama ndiyo sababu, lisemwe mezani tulijibu mezani.

Ninachodai kwa kikundi ni kidogo. Turudishiwe tarehe. Mchezo upande mara moja, hata mbele ya watu thelathini, tuone unapolegea na unaposhika, kesho yake tukae turekebishe. Mchezo mpya haukamiliki darasani. Na kama Ngoswe lazima ichezwe, ichezwe yote, na wiki mbili za mazoezi, na zile karatasi ziungue mbele ya watu.

Nyongeza, saa nne usiku: nimeona waliouliza kama waigizaji wa mchezo wa lumbesa wamekata tamaa. Hapana. Watu saba kati ya tisa tumekutana leo nyumbani kwa mwongozaji na tumepita onyesho la kwanza na la pili sebuleni, makochi yametolewa nje. Mama yake alikaa jikoni mlango wazi. Tulipofika kwenye kushona akazima jiko akaja kusimama.

Kwa hiyo kama kuna mtu Uyole, Mwanjelwa, Soweto au hata Tukuyu mwenye ua wenye ukuta upande mmoja, hatua kama kumi kwa nane, na sehemu ya kuchomeka taa mbili, aniandikie. Viti si lazima, watu wanaweza kuleta mikeka. Magunia tunayo.